Mashine ya mbao ya kazi nyingi, ya mtumba, kwa karakana ndogo ya Mwanza: shafti na meza kwanza, mota baadaye

Muuzaji wa mashine ya mtumba akimwona mteja, cha kwanza ni kuwasha mota. Inanguruma, maranda yanaruka, na maneno ni yaleyale: "Bosi, hii haina shida, ni kwenda kuchomeka tu upige kazi." Mteja akitoka hapo ameridhika, ujue ameridhishwa na mota. Na mota ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kwenye mashine hiyo. Ikiungua inasukwa upya hapa hapa mjini, ikishindikana inafungwa nyingine. Meza iliyopinda, shafti iliyoliwa mahali pa beringi na nyumba ya beringi iliyopasuka hazina duka. Ukaguzi uanzie hapo, na ikiwezekana uanze mashine ikiwa imezimwa na mkanda umevuliwa.

Tunaongelea karakana ya mafundi wawili hadi wanne, kama zilivyo nyingi Igoma, Buzuruga, Mabatini na Nyakato: milango ya futi 7 kwa 3, fremu, vitanda, makabati. Mbao ni paini na mkaratusi kwa kazi ya kila siku, nyingine kutoka mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi, na mninga, mkongo au mvule mteja akiwa na uwezo. Kwa kazi hiyo randa ya upana wa inchi 12, yaani milimita 300, inatosha. Ya inchi 8 itakukwamisha siku ya kwanza utakapoletewa ubao wa inchi 10. Urefu wa meza mbili za randa kwa pamoja usipungue mita 1.2, kwa sababu meza hunyoosha vizuri ubao wa takriban mara mbili ya urefu wake, na mhimili wa mlango ni mita 2.1.

Sokoni utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni mashine za chuma cha kumimina kutoka Ulaya: Robland ya Ubelgiji, Felder ya Austria, Minimax ya Italia, Kity na Lurem za Ufaransa. Ya pili ni za China, nyepesi, shafti moja ikibeba visu katikati, msumeno upande mmoja na chaki ya kutobolea (kishikio cha biti) upande mwingine. Ya tatu ni zinazochomelewa na mafundi wetu wenyewe kwa vyuma vya pembe na bati nene.

Kwa za China, herufi kwenye bamba zina maana, na kuzijua kunakuepusha na maneno ya muuzaji. MB ni randa, MJ ni msumeno, ML ni mashine iliyounganishwa kazi kadhaa. MB503 ni randa ya kunyooshea ya milimita 300, MB504 ni ya 400, na MB104 ni thiknesa, yaani randa ya kusawazisha unene wa ubao, ya 400. Ukiambiwa "hii ni ya inchi 16" na bamba linasema MB503, shika rula.

Tukisema wazi: kama bei ya Mzungu aliyechoka (mashine ya Ulaya) na ya Mchina aliyetunzwa zinakaribiana, na meza za yule Mzungu zimenyooka, chukua Mzungu hata kama mota imekufa. Uzito wa chuma cha kumimina unameza mtetemo, na mtetemo ndio unaoacha mawimbi kwenye ubao. Ila kama karakana yako ina umeme wa fezi moja na huna mpango wa kuvuta fezi tatu, soma sehemu ya umeme kabla hujalipa. Za kuchomelea hapa hapa nazo si za kudharauliwa. Kwa kupasua mbao na kunyoosha kingo zinafanya kazi kubwa, na spea zote zipo mjini. Udhaifu wao ni mmoja mkubwa: moto wa kuchomelea huvuta bati la meza likajikunja, hata likiwa nene milimita 10. Muulize aliyeiunda kama meza zilisawazishwa kwa mashine baada ya kuchomelewa au kabla. Kama ni kabla, au kama jibu ni kwamba zilipigwa graenda tu, inunue kwa bei ya msumeno, si kwa bei ya randa.

Sasa shafti. Chomoa umeme, vua mkanda, ingiza kipande cha mbao chini ya shafti ya visu na uinyanyue kidogo kwa kuegemea ukingo wa meza. Usitumie vidole, visu vinakata hata vikiwa vimetulia. Ukisikia kitu kinagonga hata kidogo, kuna pleyi, yaani imelegea. Isukume pia kulia na kushoto kufuata urefu wake. Kisha izungushe: nzima hujizungukia kwa ulaini na kusimama polepole, mbovu husaga kama ina mchanga. Beringi zenyewe zisikutishe. Nyingi ni namba 6205, 6206 au 6305, zipo kwenye maduka ya spea. Chagua zenye muhuri wa mpira, zilizoandikwa 2RS, maana zenye kifuniko cha bati hupitisha vumbi la mbao kirahisi zaidi.

Kinachotisha ni kile beringi inachokalia. Omba kufungua kifuniko cha upande mmoja uone. Shafti ikishaliwa, pete ya ndani ya beringi huanza kuzunguka juu yake, na hapo kuna mafundi wanaopiga vidoti vya panchi kuzunguka shafti nzima ili chuma kivimbe na kuishika beringi. Utaviona: alama ndogo ndogo kama upele, zimepangwa duara. Wengine huzungushia kipande cha kopo la soda. Dawa hiyo haidumu mbele ya mzunguko wa 4,000 kwa dakika. Ukikuta vidoti, hesabu shafti mpya, au kuijaza kwa welding na kuikereza upya kwenye lezi, kazi ambayo mara nyingi huipinda kidogo shafti iliyokuwa imenyooka. Hapo ni heri kuachana na mashine, labda kama muuzaji yuko tayari kukuuzia kwa bei ya mota na fremu.

Angalia umbo la shafti pia. Lazima iwe ya duara. Ya mraba ina mwanya mpana kati ya kisu na mdomo wa meza, na kidole kikiteleza kinaingia chote. Uingereza ilikwishazipiga marufuku kwa randa za kusukuma kwa mkono, na kwa haki kabisa. Usinunue ya mraba kwa bei yoyote ile.

Kisha fungua bolti zinazobana visu, zote, moja baada ya nyingine. Kila bolti ikaze bila kuteleza. Uzi uliokufa maana yake kisu kinashikiliwa na bolti mbili badala ya tano, na siku ikiachia, kisu hicho kinaruka kwenye tumbo la aliyesimama mbele. Tazama upana wa visu: vikiwa vimenolewa hadi vikabaki chini ya milimita 15, havishikiki tena inavyotakiwa na vyuma vya kubania. Ukifunga visu, vitokeze milimita 1 tu nje ya duara la shafti. Na vipimwe uzito, kisu pamoja na chuma chake cha kubania, kwa mizani ndogo kama ile ya wauza dhahabu. Tofauti isizidi gramu 1. Mashine nyingi zinazosemwa "zina beringi mbovu" kwa sababu ya kutetemeka zina visu vya uzito tofauti tu, kimoja kipya na kimoja cha zamani.

Meza. Beba rula ya chuma iliyonyooka ya mita 1 na fila geji ya kurekebishia valvu, yale majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya. Inua meza ya mbele (ubao unakoingilia) iwe sawa na ya nyuma (unakotokea), laza rula juu ya zote mbili, kando moja, katikati, kando nyingine, halafu mshazari. Chungulia mwanga chini yake. Jani la milimita 0.1 likipita ni sawa, la 0.2 unavumilia na kushusha bei, la 0.5 likipita ondoka, isipokuwa uone kwamba meza imepinda kwa sababu reli zake za mshazari zimelegea na kuna vyuma vya kukazia ambavyo havijaguswa kwa miaka. Hapo bado kuna matumaini: kaza, pima tena.

Kama huna fila, tumia mbao. Chukua vipande viwili vya mita 1, randa ukingo wa kila kimoja, vikutanishe na uvinyanyue juani. Mwanga ukipita katikati, ncha za nje za meza zimeinama. Mwanga ukipita kwenye ncha, meza zimeinuka nje na kufanya bonde mahali pa visu. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba kosa linaonekana mara mbili ya lilivyo, kwa hiyo jicho halidanganyiki. Kosa jingine usilichanganye na hayo: ubao ukitoka mzuri ila sentimita 5 za mwisho zimeliwa zaidi, meza ya nyuma iko chini ya visu, na hiyo ni marekebisho ya dakika kumi tu. Ubao ukigonga na kukwama mara baada ya kupita visu, meza ya nyuma iko juu.

Kwa chuma cha kumimina, tafuta ufa. Gonga meza kwa spana ndogo, kila baada ya sentimita 10. Chuma kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinalia kama ubao. Mahali pa kutazama ni pembe za mdomo wa meza karibu na visu, shingo ya nyumba ya beringi na mizizi ya miguu. Rangi mpya kwenye mashine ya zamani ni sababu ya kukuna kwa kisu. Puti ya magari ni laini na sumaku haiishiki, chuma kinashika. Kutu ya juu isikufukuze. Ukanda huu wa ziwa asubuhi meza hulowa hata ndani ya banda, na kutu nyembamba hutoka kwa msasa wa namba 240 na mafuta ya taa. Baada ya hapo sugua mshumaa juu ya meza na ufute kwa kitambaa: mbao zinateleza na unyevu haukai. Oili ya injini inatia madoa kwenye mbao, na vanishi haishiki hapo tena.

Thiknesa ina mambo machache, ila usiyaruke. Pitisha vipande viwili vyembamba kwa wakati mmoja, kimoja kushoto kabisa na kimoja kulia kabisa, kisha vipime unene kwa venia. Tofauti ikizidi milimita 0.2, meza ya chini imeinama. Kama inabebwa na skrubu nne zilizounganishwa kwa mnyororo, mara nyingi mnyororo umeruka jino moja tu. Chungulia ndani kwa tochi kwenye rola ya meno: ikiwa imefunikwa utomvu mweusi wa paini, haivuti, na muuzaji ataisukuma mbao kwa mkono huku akikueleza habari nyingine. Utomvu hutoka kwa mafuta ya taa na brashi ya shaba, meno yaliyolika hayarudi. Mwisho, nyanyua kwa kijiti vile vidole vya chuma vinavyozuia mbao isirudi nyuma. Kila kimoja kianguke chenyewe. Kikibaki juu, ubao wa mkaratusi ukikataa utarudi kwa aliyesimama nyuma yake.

Msumeno wa mashine ya kawaida hubeba blade ya milimita 250 hadi 315. Yenye milimita 250 hukata kina cha kama 80, ya 300 kama 100, inategemea meza. Pima tundu la blade kabla ya kununua akiba: za Ulaya nyingi ni milimita 30, za China nyingi ni 25.4, na kulazimisha kwa pete ya bati ni kuifanya blade icheze. Hakikisha kisu cha nyuma ya blade, kile kinachozuia mpasuo usijibane, kipo na kiko umbali wa milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno. Mashine nyingi za mtumba huja bila hicho. Kinachongwa kwa bati la chuma lenye unene kati ya ule wa mwili wa blade na ule wa meno yake. Kwenye za China, ambako msumeno uko kwenye shafti ileile ya visu, blade inazunguka wakati wote unaporanda. Kama kifuniko chake hakipo, kiundwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Kitobolea matundu ya ulimi: shika biti, angalia shafti inazungukia wapi. Mashine kadhaa za Ulaya zinataka biti za mzunguko wa kushoto, ambazo hazipatikani kila duka. Na kwa kuwa chaki inakimbia sawa na visu, biti kubwa huungua haraka. Baki kwenye milimita 12, ukizidi sana 16.

Umeme ndio unaowapoteza wengi. Soma bamba la mota. Ikiwa imeandikwa 230/400 V, kwa fezi tatu za TANESCO za 400 V inafungwa sta (sta na delta ni namna mbili za kuunga waya za mota), na karakana yenye fezi moja bado inaweza kuiendesha kwa inveta ya 230 V, kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu, mota ikifungwa delta. Ikiwa imeandikwa 400/690 V, njia hiyo ya inveta haipo kwako; ni fezi tatu au kubadili mota. Mota kutoka Marekani ya Hz 60 itazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake kwenye Hz 50 zetu, na itapata joto kama volti hazikupunguzwa kwa kadiri hiyo.

Mota ya fezi moja ya hp 3, yaani kW 2.2, hula kama ampea 13 ikiwa na mzigo kamili, na kuwaka kwake huvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa nukta chache. Waya wa milimita mraba 1.5 kutoka nyumba ya jirani hauwezi. Tumia waya wa milimita mraba 4, mfupi kadiri inavyowezekana, na uweke mita kwenye soketi wakati ubao wa inchi 2 unapasuliwa. Volti zikishuka chini ya 207, mota haina kosa, laini ndiyo yenye kosa, na mota itakayoungua kwa sababu hiyo itaungua tena baada ya kusukwa. Mota inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi ni kapasita ya kuwashia. Izime haraka, usiisaidie kwa mkono.

Hakikisha na kasi. Mota ya 2,850 kwa dakika yenye puli ya milimita 120, ikivuta puli ya 80 kwenye shafti, inatoa 4,275. Kwa visu viwili na mwendo wa mita 8 kwa dakika, kila kisu kinaacha alama karibu kila milimita 0.94, uso safi unaomalizika kwa msasa kidogo. Mtu akifunga mota ya 1,440 bila kubadili puli, kasi inashuka hadi 2,160, alama zinafika karibu milimita 1.9, na utalaumu visu bure.

Ukiwa na mvule kwenye oda, weka seti ya pili ya visu kabatini. Mti huo hutengeneza vipande vya chokaa ngumu kama jiwe ndani yake, havionekani kwa nje, na kimoja tu kinang'oa meno ya msumeno au kuacha mstari kwenye kisu kipya. Barakoa pia si ya kuacha: vumbi la mvule huwasha pua na ngozi.

Jaribio la mwisho kabla ya pesa ni dakika 20 za kuwaka mfululizo. Ukizima, chomoa, shafti isimame kabisa, halafu weka kiganja kwenye nyumba ya kila beringi. Ukiweza kukiacha kwa nukta tano bila kuunguzwa, sawa. Kama huwezi, beringi imekaza au imekauka grisi. Andika kila kasoro kwenye karatasi na bei ya kuitengeneza, beringi, mkanda, visu, kapasita, na bei ipungue kwa jumla hiyo mbele ya muuzaji. Andikishaneni mauziano yakiwa na namba ya mashine, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia. Mashine za wizi zipo, na mwenye mali hutokea baada ya kazi kuanza kuchangamka.

Kubeba. Kirikuu kinatosha kwa Mchina mwepesi, Mzungu anataka kenta na watu sita. Usiinyanyue kwa kushika meza. Hapo ndipo meza iliyokuwa imenyooka kwa miaka thelathini inapopinda. Ipitishie mabomba chini ya fremu na kuiviringisha. Kutoka Sengerema siku hizi ni daraja la Kigongo–Busisi moja kwa moja, ila ikienda Nansio kwa kivuko ifunge kwa kamba kwenye miguu na uifunike nailoni, na ikishuka ipake grisi meza zote siku hiyohiyo. Karakana za miteremkoni kama Mabatini, mwaga kwanza zege la sentimita 10, tandika vibati chini ya miguu mpaka pimamaji itulie pande zote mbili, kisha kaza bolti za sakafuni. Ukishakaza, rudisha ile rula ya mita 1 juu ya meza: fremu ikivutwa na bolti moja ya pembeni, meza inajipinda nayo, na kulegeza bolti hiyo nusu mzunguko kunairudisha.